Mtumbwi na chemchemi kutoka Kibirizi: tumelala huko usiku mmoja, haya ndo niliyoyaona

Jamani mnaouliza kama ile safari ya mtumbwi na kulala kwenye hema kutokea Kibirizi, hapa Kigoma, inalipa, mi nimeenda wikendi iliyopita na wife na shemeji yangu, inalipa kabisa, ila suala la laifu jaketi lazima nilitangulize. Tumelipa 80,000 kila mtu, chakula humohumo, tunafika ufukweni alfajiri jaketi ziko mbili na sisi pamoja na wapiga kasia tuko watano! Ziwa hili la Tanganyika lina kina mpaka mita 1,470 penye kina kirefu zaidi, na hata pembeni kuna sehemu mlima unazama moja kwa moja majini, hatua chache tu hugusi chini. Tukagoma kupanda. Wakaenda kuzitafuta lisaa lizima, na hilo lisaa tulililipia njiani maana huu mwezi wa saba upepo wa kusini ukishaamka mawimbi sio ya mchezo, shemeji alitapika hadi huruma. Siwataji kwa sababu kijana kiongozi alikubali kosa na kuomba radhi.

Na huyo kijana ndo sababu ya kwenda. Ukiwa majini saa hizi milima yote imekauka, rangi ya kahawia tupu, yeye anakunyooshea kidole, unaona kaukanda ka kijani, migomba na michikichi imejipanga kwenye bonde, anakwambia pale juu kuna jicho la maji. Mvua ikinyesha inazama ardhini, inashuka polepole mpaka ikutane na mwamba mgumu, haina pa kwenda inatokea ubavuni mwa mlima, ndo maana kiangazi chote maji yapo.

Tukaegesha mtumbwi tukapanda kwa miguu kama dakika arobaini. Aisee. Kashimo kenyewe hakazidi karai, chini mchanga mweupe unatokota taratibu kama uji uliotoka kuepuliwa, halafu wenyeji wamebana jani la mgomba kwa jiwe likawa mfereji, ndoo inakinga hapo. Maji baridi kuliko ya ziwani, mkono unakufa ganzi. Mi nikataka kunawa uso palepale, mama mmoja aliyekuja na ndoo akaniambia kwa upole tu, mwanangu nawia huku chini, hapo juu tunakunywa. Nikaona aibu lakini alisema kweli, yeyote atakayeenda ashike hilo. Kijana naye pamoja na usafi wote ule aliyachemsha kwanza ndo tukanywa, nimempenda kwa hilo, kipindupindu hapa Kigoma tunakijua.

Hema zipu imekufa, tulifunga mlango kwa kanga ya wife, mbu wakaingia hivyohivyo, beba neti yako. Msosi sina neno, samaki wa ziwani, migebuka ya kuchoma, na ugali wa muhogo. Usiku mwezi haukuwepo kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka, taa zimejaa ziwani mpaka unasema kuna mji kule ng'ambo, na nyuma yako unasikia kamto ka ile chemchemi kanashuka kuingia ziwani usiku kucha, wife hakutaka kulala kabisa.

Mwezi wa nane narudi na watoto, ila jaketi nanunua zangu.