Fundi wa Kariobangi aliyeninyooshea mashua ya alumini: uzoefu wangu

Jua la saa kumi likiupiga ubavu wa kushoto wa mashua yangu kutoka upande wa tezi, yaani nyuma, ungeweza kuhesabu kwa kivuli chake kila taruma, yaani ubavu wa ndani unaoshikilia bamba, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Iliniuma sana. Nilikuwa nimeijenga uani kwangu Ruai kwa miezi minane: mita 4.8, bamba la alumini ya aina ya 5083, la milimita 4, nikikusudia kuvulia Naivasha. Kuchomelea mataruma nilimwachia fundi mwenye mashine ya MIG, ile ya kuchomelea inayojilisha waya yenyewe, naye akashona kila taruma kwa mshono mmoja mrefu, juu hadi chini, bila kungoja lipoe. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na mshono ukipoa hujivuta na kuvuta bamba pamoja nao.

Wanyooshaji wawili wa magari waliniambia nyundo, kisha fila ya kujazia mabonde. Nilikataa. Nyundo hutandaza bamba, na bamba lililotandazwa huzidi nafasi yake, likavimba zaidi.

Ndipo nikaipakia kwenye kenta hadi Kariobangi Light Industries, kwa mzee mmoja niliyeelekezwa na muuza gesi. Hakushika nyundo. Aliegemeza ufito mrefu wa mbao ubavuni, akatia alama za chaki palipokuwa na mwanga chini yake, kisha akapitisha kiganja taratibu. "Kijana wangu, bamba lako ni zima," akasema, akigonga mshono kwa ukucha. "Hapa ndipo linapovutwa."

Siku ya kwanza alikata tu. Kwa disk nyembamba ambayo haijawahi kugusa chuma, aliachanisha taruma moja moja na bamba, akibakiza kipande kidogo juu na chini ili umbo lisipotee. Alipofika la nne, bamba lilitoa kishindo, likarudi nje lenyewe. Tulirudisha ufito: mwanya wa milimita 9 ulikuwa umebaki 2.

Kuchomelea upya kulichukua siku nyingi kuliko kukata, na hapo ndipo nilipomheshimu. Alifuta kwa asetoni, akasugua kwa brashi ya waya usioshika kutu anayoifunga kwenye mfuko wa plastiki, akachoma sentimita 5, akaruka 15, akahamia ubavu wa pili. Kabla ya kurudi aliweka kiganja juu ya bamba. Likiwa bado na joto, alikaa chini.

Karibu na omo, yaani mbele, palibaki mahali pabishi: ukisukuma bamba linaingia, ukiachia linarudi nje. Alipaka sabuni ya kipande, akapasha kwa mashine ya TIG, ambayo waya wake hulishwa kwa mkono, ila safari hii bila waya, duara dogo kama sarafu. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo aliitazama sabuni. Ilipogeuka kahawia akaondoa moto na kubandika kitambaa chenye maji. Mara tatu tu, tena juu ya usawa wa maji, kwa sababu moto hupunguza ugumu wa bamba hili. Palikaza.

Malalamiko ninayo. Aliniahidi siku tatu, zikawa sita. Hana paa la maana, na upepo hupeperusha agoni, gesi inayokinga mshono wakati wa kuchomelea. Mshono mmoja ulitoka na vitundu kama sifongo. Aliukwangua na kuurudia bila kunitoza, lakini kwa kazi ya alumini turubai la kuzuia upepo ni lazima, si hiari. Risiti niliidai mara mbili. Nililipa shilingi 42,000, gesi na waya ndani yake, na kwa ubavu ninaoutazama leo siioni kuwa ghali.

Ukimpelekea yako, chukua na vipande vya bamba vilivyobaki pamoja na namba ya aina ya alumini yake, ili achague waya wa kuchomelea unaofaa. Kwangu alitumia waya wa namba 5356. Na usitangulize fila wala rangi, maana atakwangua yote kabla ya kuwasha mashine.