Mwamba karibu na nyumba: nyundo ya ekskaveta au unga wa kupasulia?
Kwenye vilima vya Mwanza, barabara hukutana na granaiti katikati ya makazi, mahali ambapo baruti haifai. Nyundo ya ekskaveta, ile inayofungwa kwenye mkono wa mashine ya kuchimbia, huenda kasi mwamba ukiwa na nyufa. Ukiwa mzima, itagonga kutwa, patasi (ncha yake) italika, na majirani watabaki na kelele na vumbi.

Unga wa kupasulia, wenye chokaa, hukorogwa kwa maji na kumiminwa kwenye matundu yaliyotobolewa mwambani, yenye upana wa milimita 40 hivi. Huvimba kimya kimya, na kesho yake mwamba umepasuka. Ni ghali, na usiinamie tundu kamwe: ukipata joto sana hufyatuka na unaweza kukupofua.

Ukuta wa mtu ukiwa jirani, ningeanza na unga, nyundo imalizie vipande.