Wuthering Heights: mapenzi ya kufa na kuzikana, kweli kabisa

Mimi ni mteja mzuri wa simulizi za WhatsApp, zile unatuma elfu moja ndipo uletewe sehemu ya kumi na moja. Nazijua kwa moyo: binti wa kijijini, mwanaume tajiri mkimya mwenye wivu wa kuua, anamfungia ndani, mwisho wanaoana. Mdogo wangu alipochoka kunisikia akasema, basi kamsome bibi yao wote, riwaya ya Kiingereza Wuthering Heights. Nikakipakua bure, kwani Emily Brontë alikitoa mwaka 1847, kwa jina la bandia la Ellis Bell, na hakimiliki ilishakwisha zamani.

Kimenichukua wiki tatu, kwenye daladala na usiku umeme ukikatika. Kiingereza chake ni kizito. Kuna mzee mtumishi, Joseph, anaongea lahaja ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, iliyoandikwa kama inavyotamkwa. Nikawa namruka kama matangazo ya redio. Halafu Catherine wako wawili, mama na binti, na Linton ni jina la ukoo na la mtoto pia. Chora ukoo mapema. Mimi nilichora nyuma ya risiti ya luku.

Nyumba ni mbili tu, zimeachana maili nne, katikati vichaka na upepo. Heathcliff aliokotwa Liverpool akiwa mtoto, akakua pamoja na Catherine. Siku moja anamsikia akisema kuolewa naye ni kujishusha, anaondoka zake kabla hajasikia yanayofuata, kwamba binti anampenda kama nafsi yake mwenyewe. Hapo niliweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Anarudi baada ya miaka mitatu, ana hela. Nikakaa mkao wa kula. Kumbe anakaa kucheza kamari na kaka wa Catherine, anachukua ardhi yake rehani, na yule anapokufa, mwanawe Hareton anabaki mtumishi asiye na mshahara nyumbani kwao wenyewe, hajui hata kusoma. Juu ya mlango wa nyumba hiyo limechongwa jina lilelile, Hareton, na mwaka 1500. Kwetu nimeona shamba likienda hivihivi, tena bila mapenzi yoyote ndani yake, ndiyo maana sehemu hii ilinitisha kuliko makaburi. Na makaburi yapo! Miaka kumi na minane baada ya mazishi Heathcliff anafunua jeneza la Catherine amtazame uso, kisha anamhonga mchimba kaburi aondoe ubao wa ubavuni siku yeye mwenyewe atakapolazwa hapo pembeni.

Lakini aliyeniweza ni Isabella, wifi yake Catherine, dada wa mwanaume aliyemwoa badala ya Heathcliff. Amempenda Heathcliff kama ninavyowapenda mimi wale wa simulizi: anaona ukali, anadhani ndani yake kuna asali. Usiku wa kutoroka naye, Heathcliff anamtundika mbwa mdogo wa Isabella kwa kitambaa, na bado binti anakwenda. Baadaye Heathcliff mwenyewe anamcheka, kwamba alimgeuza kichwani mwake kuwa shujaa wa hadithi za mapenzi. Nilisoma pale nikahisi mwandishi kanishika mkono mimi, mwaka 1847, kabla hata babu zangu hawajazaliwa.

Yote haya anayasimulia Nelly, mtumishi wa ndani, kwa ile sauti ya shangazi wa "mimi sipendi kusema maneno ya watu", huku akisema. Usimwamini sana. Mambo mengine yaliharibika kwa sababu alinyamaza pale alipotakiwa kufungua mdomo.

Nakipa nyota nne. Ya tano anayo Joseph.

Jana admini wa kundi katuma kionjo cha simulizi mpya: kijana kamfungia binti chumbani, "kwa sababu anampenda mno". Nikamkumbuka yule mbwa. Elfu moja yangu bado iko kwenye simu.