TAHADHARI: Brashi za "brasi" za kusafishia wavu wa jiko, Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum jamani. Naandika huku mkono unantetemeka kwa hasira, mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Kuna kijana anauza brashi za kusafishia nyavu za majiko ya kuchomea, Mwanakwerekwe, jioni jioni, meza yake kaitandika kitambaa cha kijani. MSINUNUE. Na nyinyi sita niliowachukulia mie mwenyewe kwa mdomo wangu na mikono yangu, zitieni mfukoni leo leo, msizitumie hata mara moja, na kama mshazitumia basi wavu wenu uosheni upya kabla hamjaweka hata muhogo.

Ya Ijumaa mshayasikia sitaki kuyarejea, mavyaa bado hajapokea simu yangu. Naanza na Jumamosi iliyopita.

Wavu wangu mnaujua ulivokuwa. Mafuta ya kuku na ukwaju tangu Ramadhani yamegandia pale mpaka zile fito zimenenepa kama kidole, nikimlaza samaki changu, anabakisha ngozi yote juu ya wavu mie nabaki na minofu tu. Kisu nshajaribu, waya wa kusugulia masufuria nshajaribu, kucha zimekatika. Kwa hivo mie nakwenda zangu Mwanakwerekwe kununua mkaa, na huo mkaa wenyewe mpaka leo sijaununua, ndo ujue nlivopotezwa akili.

Nasikia mtu ananita, "Mama, njoo utizame, kutizama hakuna bei." Nageuka, kijana mtanashati, kofia ya viua nyeupe peee, kanzu imepigwa pasi. Mbele yake wavu mweusi tititi, mweusi kuliko wangu. Kachukua brashi, kapiga mara moja tu, moja! upande wote ule ukabaki unang'aa kama kijiko kipya. Watu tukasema aaah. Tulikuwa kama saba tumemzunguka, na mama mmoja wa makamo akasema yeye anayo nyumbani mwezi wa tatu huu haijabadilika (huyu mama nitamrudia). Kijana ndo akaanza somo, na wallahi somo lenyewe lilikuwa la kweli, hilo ndo linaloniuma. Akasema brashi za waya wa chuma mbaya, zinakwaruza wavu, zinashika kutu, na zikichoka zinaacha vijiwaya vinaingia kwenye chakula. Hii ya kwake ni brasi, laini kuliko chuma, kutu haishiki, "si mnaziona zile njumu za milango ya Mji Mkongwe, miaka na miaka, chumvi ya bahari na mvua, ukizisugua zinang'aa, basi ndo hiyo hiyo." Nani wa kwetu hapa asiyezijua njumu za milango? Nikatikisa kichwa kama mwanafunzi.

Halafu akatoa sumaku. Akaigusisha mkasi, ta! ikanasa. Akaigusisha brashi, ikateleza ikaanguka mezani. "Brasi haishiki sumaku, mama. Jaribu mwenyewe." Nikajaribu mwenyewe. Hii hapa mikono yangu ndo iliyoshika ile sumaku, nimeipeleka kwenye brashi mara tatu, mbele, nyuma, ubavuni, haikunasa. Sasa niambieni nyinyi mnaonicheka, mngefanya nini zaidi? Mngeiyeyusha?

Na si hilo tu. Nlipomuuliza bei akanijibu kwa maneno ya kwetu Wete, vile vile alivokuwa akitamka marehemu baba, roho ikalainika pale pale. Nikamuuliza mtoto wa nani akanitajia kijiji tu, akacheka. Mara adhana ya Magharibi, kijana akafunika meza na kile kitambaa cha kijani akasema jamani ningojeni nikasali, biashara haikimbii. AKAONDOKA. Akaacha mali yake yote pale, hakumwachia mtu. Mtu anaacha mali yake anakwenda kusali, wewe utamshuku kwa lipi? Mie ndo kwanza nikaona aibu kwamba nlikuwa nikimtia shaka.

Na muda ule ule anaosali yeye ndo mie nikawapigia. Mnaikumbuka ile sauti nlowatumia, "shoga zangu, nimepata kitu, nishakipima kwa sumaku mwenyewe, leteni hela." Nikiisikiliza sasa hivi natamani ardhi ipasuke. Mie ninaewasema wenzangu kila siku kwa kununua vitu vya barabarani, mie niliemcheka Mama Ilham kwa ile pasi yake. Haya, nicheke na wewe, zamu yako.

Karudi. Moja 25,000, nikamwambia nachukua saba, akashusha 22,000, jumla 154,000, nikaona nimeshinda. Akasema hizi za mezani zishachezewa na mikono ya watu, ngoja nikupe mpya. Akainama chini ya meza akatoa maboksi saba yamefungwa nailoni vizuri, na picha ya jiko la kizungu juu yake. Nikamshukuru. NIKAMSHUKURU jamani! Nikamwombea na dua kabisa, Allah akuzidishie. Na kazidishiwa, 154,000 zangu na zenu.

Hapo mshaelewa. Mie nlielewa siku sita baadae.

Haya basi na la Ijumaa nalisema, maana wengine mshalisikia kwa wifi yangu nae huongeza chumvi. Alkhamisi usiku nimesugua wavu kwa brashi jipya, umetoka kiasi, si kama ule wa kijana lakini nikasema wangu mchafu zaidi. Ijumaa baada ya sala wamekuja, mawifi wote, mavyaa kakaa mbele kabisa. Mishkaki imeiva, naona fahari. Mavyaa katafuna mara mbili, kasita. Katia kidole mdomoni katoa kitu, kakiweka ukingoni mwa sahani, taratibu, bila ya neno. Kijiwaya. Urefu wake kama punje mbili za mchele ukizipanga, kigumu, ncha kama sindano. Halafu akaniuliza kwa upole, na ule upole ndo ulioniua, "Mwanangu, hichi ndo kiungo kipya?" Hakuna aliecheka. Bora wangecheka.

Kijana wa dada ndo aliekwenda chumbani akaja na sumaku ya spika mbovu. Akaisogeza kwenye brashi langu la "brasi", hata haijafika ikavutwa, kap! Tukalikwaruza kwa kisu, njano inabanduka, chini kijivu. Chuma tupu kilichopakwa rangi ya brasi. Nikampigia Mama Ilham ajaribu lake, kap, vile vile. Tulilipasua kwenye lile tako la mbao, zile nyuzi za waya hazikubanwa na kitu, zimechomekwa tundu kwa tundu na gundi kidogo ambayo ikipata moto wa wavu inalegea, ukivuta kwa vidole zinakuja tatu nne kama manyoya ya kuku aliechovywa maji moto.

Na ule wavu wake uliokuwa mweusi tititi? Nimeukalia usiku mzima kufikiri. Yale ni masizi na mafuta ya kupikia tu, kapaka mchana huo huo. Masizi mabichi unayafuta hata kwa kidole. Mafuta ya nyama yaliochomwa miezi yakageuka mkaa hayatoki kwa mpigo mmoja hata ukipewa brashi la dhahabu. Mie napika miaka yote hii nisilijue hilo? Nalijua! Lakini siku ile sikulijua.

Nimerudi Jumamosi, meza haipo. Muuza ndimu wa jirani akasema huyo haji kila siku, na yule mama wa makamo "mwenye brashi nyumbani mwezi wa tatu" huja nae na huondoka nae. Mnaona? Wanakuja wawili.

Sasa kijana, kama unasoma hapa, au mamako anasoma, au huyo mama uliekuja nae anasoma: nshazungumza na watu wangu wa Wete, ntasoma halbadiri, na sitanii. Utapiga brashi mgongo wako mwenyewe. Mtu anaekwenda kusali huku chini ya meza kaficha waya wa kuwatia watu kooni, wewe una mtoto? Yule mkwe wangu ana miaka sabiini na ushei, ingemshuka je? Wewe ni wa kufungwa, tena ufungwe pamoja na hizo brashi ukasugue masufuria ya jela mpaka ziishe. Sheha nishamwambia, akaniuliza una risiti? Risiti! Nani anapewa risiti Mwanakwerekwe saa moja usiku, sheha wetu nae.

Binamu yangu yuko hospitali akanambia hili si dogo, huko Marekani mwaka 2012 CDC, wale wa kudhibiti maradhi, walitoa ripoti ya watu 6 waliotibiwa Providence, Rhode Island, kati ya Machi 2011 na Juni 2012, wote wamemeza vijiwaya vya brashi za majiko ndani ya nyama choma. Wengine vimewakwama shingoni kumeza ni maumivu makali, wengine vimetoboa utumbo mpaka wakapasuliwa. Kwa hivo ukila cha kuchoma ukahisi kitu kinachoma kooni au tumbo linakata, usimeze tonge la ugali kusukuma, nenda hospitali na useme kabisa kuwa nashuku waya, maana usiposema nani atautafuta.

Mlioniuliza dalili za brashi la uongo, sijui nisemeje, mie mwenyewe sikuziona. Sumaku ijaribu kwenye LILE unaloondoka nalo, fungua boksi, akikataa usifungue basi ondoka. Vuta waya kwa vidole. Na akikuonesha wavu mchafu, mwambie ngoja nilete wangu. Nyengine ntakumbuka.

Na mie sasa brashi ya waya silitaki tena, liwe la brasi ya kweli au la mbinguni, maana hata la kweli likichakaa linamwaga. Kijana wa dada kanichongea kipande cha ubao mgumu, mpana kama kiganja. Nawasha mkaa, naacha wavu upate moto robo saa hivi mpaka yale mafuta yanakauka na kukatika, halafu nasukuma ubao kwa kufuata fito. Siku za mwanzo unaona haufanyi kitu, lakini ukingo wake unaungua unajichonga mfano wa zile fito zenyewe na hapo ndo unaanza kukwangua hasa. Cha kuondoka ni vumbi la mbao tu, nalo linaungua. Nusu kitunguu maji na chumvi, ile wanayoisifu sana, nzuri kwa wavu uliochafuka jana, kwa ule wangu wa Ramadhani ilikuwa mzaha. Kumbi la nazi na majivu naliweka kwa kumalizia wavu ukishapoa, kisha kitambaa chakavu kibichi, nautizama kwenye mwangaza, ndo naupaka mafuta. Huo ubao haukunigharimu hata senti.

Hela zenu. Mama Ilham nshakurudishia 22,000 yako, tizama simu. Bi Mwanaisha ntakuletea mwenyewe Jumatatu kwa sababu nataka na kile chano changu. Nyinyi wanne nisubirini mwisho wa mwezi, na tafadhali brashi msizitupe, nileteeni zote na maboksi yake, nazitaka saba kamili siku nikimkamata.