Vyumba vyenye dirisha: 1

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Dundee, mji wa Uskoti, na kila nikimuuliza asili yao hunijibu kwamba wazee wake walikuwa watu wa viwanda vya juti, zile nyuzi za magunia. Basi, hadithi inaishia hapo. Msimu wa baridi uliopita nikasema ngoja niwatafute mwenyewe kwenye sensa.

Nilianza vibaya. Tovuti moja ya kulipia kila mwezi ilinipa majina yaliyochapwa upya tu, bila picha ya ukurasa wenyewe, na aliyechapa alisoma jina la ukoo ndivyo sivyo. Wiki mbili nzima nikawa nahangaika na ukoo wa watu wengine! Nikahamia ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti. Ukishajisajili, kutafuta jina ni bure. Kufungua picha ya sensa ni krediti 6, yaani pauni 1.50. Kwa pupa yangu nilifungua kurasa 5 za watu wasiotuhusu.

Ya sita ndiyo yenyewe. Lochee, mtaa wa Dundee: kaya moja, waliolala humo usiku wa kuamkia 8 Aprili 1861. Mkuu wa kaya ni mjane wa miaka 41, msokota nyuzi. Mabinti wawili wafumaji (wafumaji wa Dundee walijiona wa daraja la juu, wakienda kazini na kofia na glavu), mvulana wa miaka 10 naye yuko kiwandani, mdogo wao wa miaka 5, na wasichana wawili wapangaji. Watu 7. Kisha ile safu ya mwisho kulia, swali ambalo Uskoti iliuliza kwa mara ya kwanza mwaka huo: vyumba vyenye dirisha. Jibu: 1. Safu hiyo ile tovuti ya kwanza haikuichapa kabisa.

Picha inataka macho. Karatasi walizojaza wenye nyumba hazikuhifadhiwa. Tunachosoma ni daftari alilonakili karani wa sensa, na waliokuja kujumlisha baadaye wamepitisha alama za vema juu ya umri wa watu. Vimstari viwili vya mshazari huonyesha jengo limeishia wapi, kimoja huonyesha kaya. Bila kujua hilo ningewachanganya wapangaji na majirani. Sensa ya 1841 msiiamini kwa umri: waliozidi miaka 15 wengi walishushwa hadi 15, 20, 25, 30 na kuendelea, na hakuna palipoandikwa nani ni nani kwa mwenziwe.

Kilichonikwaza ni mahali pa kuzaliwa. Mjane wetu ameandikiwa "Ayalandi", neno moja tu, bila kijiji wala wilaya. Sasa natafuta cheti chake cha kifo, kwa sababu tangu 1855 vyeti vya Uskoti huandika majina ya baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Mama mkwe ameshanipa pauni 10 za krediti.