Siagi ya korosho ya jirani: tamu, ila chupa haina jina

Nianze na lililoniudhi. Chupa ya kwanza niliyonunua mwezi wa tatu ilikuwa chupa ya jamu, kifuniko chekundu, karatasi ya zamani imebanduliwa nusu na gundi bado inanata kidoleni. Haina jina, haina tarehe. Nikaiweka rafu ya juu ya jiko, na joto la Mtwara mnalijua. Wiki ya tatu ikaanza kunuka mafuta yaliyochacha. Nikamrudishia mwenyewe. Hakubisha. Alinusa, akakunja uso, akasema, "Pole dada, hii itakuwa ya ule msago wa mwezi wa kwanza, ilijificha nyuma." Akanipa nyingine bure.

Hiyo nyingine ndiyo iliyonifanya niandike.

Mtengenezaji ni mama anayeishi Chuno, hapa hapa Mtwara, na anasagia nyumbani kwake. Jina simtaji kwa makusudi. Karatasi zake hazijakamilika, na sitaki sifa zangu zimpelekee mkaguzi kabla ya wakati wake. Wa mtaani watamjua.

Korosho anazichukua kwa wabanguaji wa Newala, zimeshamenywa ganda laini. Anazimwaga kwenye ungo na kuchambua moja moja. Yenye doa jeusi inatupwa, iliyotobolewa inatupwa, inayonuka unyevu inatupwa. Siku niliyokaa naye alitupa kiganja kizima kwenye kilo mbili, na korosho iliyobanguliwa mnajua bei yake. Nilimwambia hizo si angeuza kama chenga? Akanijibu kwa neno moja: "Sumukuvu." Ni ile sumu inayotokana na ukungu. Alifundishwa kwenye semina, na neno limemkaa.

Anazikaanga kavu kwenye sufuria pana, mkaa kidogo, mpaka zikaribie rangi ya ukoko wa mkate. Anaziacha zipoe kabisa. Kisha brenda, ile ile ya kusagia juisi: anasaga dakika moja, anazima, anakoroga kwa mwiko, anasaga tena. Akiiendesha mfululizo inapata moto, na siagi inakuwa na ladha ya kuungua. Chumvi kidogo, basi. Hamna sukari wala mafuta ya kuongezea. Ukiikuta mafuta yamepanda juu usishtuke, koroga.

Ladha sasa. Laini, lakini kuna chembechembe zinazokuambia hii ilikuwa korosho kweli. Nimeipaka kwenye mkate, nimechovyea muhogo wa kuchemsha, na mwanangu wa darasa la tatu kachovyea ming'oko, vile viazi pori vyetu, jambo lililomuudhi sana bibi yake. Chupa ya gramu 400 ni shilingi 12,000. Si rahisi. Naona ni haki.

Tatizo lilianza nilipotaka kumsaidia. Nilituma chupa sita kwa basi kwenda Dar, kwa shemeji yangu mwenye duka. Akaonja, akasifu, halafu akanipigia. "Shem, kitu kitamu, lakini alama ya TBS, ya Shirika la Viwango, iko wapi? Nikiipanga hivi rafuni, wakija hawaniulizi kama ni tamu." Chupa zote sita wamezila nyumbani.

Nikarudi Chuno na maswali. Zamani mambo haya yalikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tangu 2019 usajili wa chakula uko TBS, na hapa Mtwara wana ofisi ya kanda. Kilichonishangaza ni kwamba pesa ya alama siyo inayomkwamisha. Mjasiriamali mdogo akienda na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la viwanda vidogo, TBS wanampimia na kumpa alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Hilo analijua. Afya kapima, cheti kakibandika ukutani. Kilichomkwamisha ni ukuta wenyewe. Aliambiwa chumba cha kusindikia kiwe peke yake, kisipikiwe ugali wa watoto, sakafu na kuta ziwe za kuoshwa, dirishani wavu. Nyumba ina vyumba vitatu na watu saba. Ameanza kujenga kibanda uani, tofali zimefika kifuani na hapo zimesimama zikisubiri msimu.

Nimesoma kwamba Marekani kila jimbo lina utaratibu wake wa vyakula vya jikoni nyumbani. California wa kwao ulianza 2013, New Jersey wakaja kuwa wa mwisho mwaka 2021. Kwa ujumla wanaruhusu vile visivyooza upesi, kama mikate, biskuti na jamu, na lebo inamwambia mnunuzi kwamba kimetoka jikoni kwa mtu. Nikamweleza. Akacheka: "Kwa hiyo wao wanaandika tu 'nimepika nyumbani'? Mimi hapa kila mtu anajua nimepika nyumbani."

Ni kweli. Ila mimi, niliyekula ile ya mwezi wa kwanza, siwezi kusema lebo ni usumbufu. Kitumbua ukikinunua asubuhi unakila asubuhi, macho na pua vinatosha. Chupa inayokaa rafuni miezi inataka tarehe, uzito, kilichomo, na mahali pa kurudi ukiharibikiwa. Mimi nilijua pa kurudi kwa sababu ni mitaa miwili kutoka kwangu. Mtu wa Dar angerudi wapi?

Tangu tuzungumze anabandika kipande cha plasta ya hospitali kwenye kila chupa na kuandika tarehe kwa kalamu. Mwandiko mbaya, lakini unasomeka. Kanishauri niitunze mbali na jiko na niimalize ndani ya mwezi.

Ukitaka, agiza siku mbili kabla, maana hasagi akiba tena. Ukienda na chupa yako safi yenye kifuniko kinachobana anakupunguzia 1,000. Mimi zangu mbili zimeshaoshwa, zinakauka juani.