Sweta ya Majira ya Baridi: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe Mwisho

Wanunuzi wengi wa sweta huanza na rangi, wakaja kwenye bei, na ile lebo ndogo iliyoshonwa ubavuni kwa ndani hawaiangalii mpaka siku ya kufua. Ningependa utaratibu huo ugeuzwe. Aina ya nyuzi zilizoandikwa kwenye lebo ndiyo inayoamua kama sweta italeta joto, kama itawasha shingo, na kama itavaliwa kwa miaka mingi au itachakaa kabla baridi haijaisha. Hata umaridadi unaanzia hapo, kwa maana sweta iliyolegea viwikoni na kujaa vijidonge vya nyuzi kifuani haipendezi, hata kama rangi yake ni nzuri namna gani.

Jambo la kuzingatia kabla ya kupanga madaraja ni kwamba sweta haizalishi joto. Kazi yake ni kunasa hewa iliyotulia kati ya nyuzi ili joto la mwili lisitoroke haraka, na ndiyo maana sweta nzito si lazima iwe na joto kuliko nyepesi.

Nafasi ya kwanza naipa sufu ya kondoo wa merino bila kusita. Unyoya wa merino kwa kawaida una kipenyo kisichozidi mikroni 24 (mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na ule laini zaidi hushuka chini ya 19. Kipimo hicho kina maana kubwa kwa mvaaji: kinachowasha ngozi ni ncha za nyuzi nene, hasa zinazozidi mikroni 30 hivi, ambazo hazipindi zinapogusa mwili bali huuchoma. Nyuzi za merino hupinda, kwa hiyo hata mtu ambaye siku zote amesema sufu inamkera anaweza kuivaa bila shati ndani. Zaidi ya hayo, sufu hunyonya mvuke wa jasho unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake kabla ya kuonekana imelowa, haishiki harufu upesi, na ikifumwa kwa wembamba huingia chini ya koti bila kubana kwapani. Kwa mtu anayetaka sweta moja tu ya kwenda nayo kazini, safarini na nyumbani, hii inatosha.

Ya pili ni sweta nene ya sufu ya kondoo wa kawaida, kama zile zinazohusishwa na visiwa vya Shetland huko Uskoti, au za visiwa vya Aran nchini Ireland zenye mafumo ya kamba zilizosukwa. Mafumo hayo si mapambo matupu, kwa kuwa kila msuko huongeza unene na mianya ya kushika hewa. Sufu ya namna hii huwa na ukali kidogo, kwa hiyo huvaliwa juu ya shati lenye kola au fulana ya mikono mirefu, lakini kwa uimara ina wapinzani wachache. Ingekuwa ya kwanza, kama si kwamba ndani ya jengo lenye joto humchosha mvaaji haraka.

Kashmiri naiweka ya tatu, na najua wapo watakaopinga. Ulaini wake haufanani na kitu kingine, na wepesi wake ni wa kushangaza ukilinganisha na joto linalopatikana. Lakini manyoya haya ni ya ndani ya mbuzi, wengi wao wakifugwa China na Mongolia, ambayo huchanwa majira ya kuchipua, na mbuzi mmoja hutoa gramu 150 hadi 200 hivi tu kwa mwaka, hivi kwamba sweta moja huhitaji mbuzi kadhaa. Kashmiri inayouzwa kwa bei ya kutupa, basi, lazima imepunguzwa mahali fulani: mara nyingi nyuzi ni fupi, au ufumaji ni mlegevu mno. Sugua kifua cha sweta kwa kiganja mara kadhaa pale dukani. Nyuzi zikianza kuchomoza na kujiviringisha, iache. Kama muuzaji anaweza kuthibitisha kwamba uzi umesokotwa kwa nyuzi mbili badala ya mmoja, hiyo ni dalili njema.

Alpaka, yaani manyoya ya mnyama wa jamii ya ngamia ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Peru, inafuata kwa karibu. Ina joto na mng'ao wa kupendeza, ila hurefuka kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo ni bora iliyochanganywa na sufu ya kondoo.

Michanganyiko yenyewe ni ya tano, na hapa ndipo wanunuzi wanapopotoshwa zaidi. Sufu yenye nailoni kidogo ni chaguo la busara, kwani nailoni huimarisha viwiko na ncha za mikono. Tatizo ni sweta yenye neno "kashmiri" kwa herufi kubwa kwenye kikaratasi cha nje, huku lebo ya ndani ikionyesha asilimia 5 ya kashmiri na zilizobaki ni akriliki, yaani nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Asilimia za ndani ndizo za kuaminiwa, na ikiwa sufu haifiki hata nusu, usiilipie bei ya sufu.

Pamba ni ya sita: haiwashi, ni rahisi kufua, na inafaa siku za ubaridi kidogo, lakini ikilowa huwa nzito na humpoza mvaaji. Akriliki tupu ni ya mwisho. Ni nafuu na haisumbuliwi na wadudu aina ya nondo wanaotoboa sufu, na mwenye fedha kidogo hana sababu ya kuionea aibu. Ila hainyonyi jasho vizuri, hukusanya umeme tuli, na hutoa vijidonge mapema.

Ukishachagua nyuzi, igeuze sweta ndani nje. Tazama bega mahali linapoungana na mkono: katika sweta iliyofumwa vizuri, vipande vimefumwa kwa umbo lake na kuunganishwa tundu kwa tundu, na utaona alama ndogo za kupunguza matundu zikiufuata mshono; lakini katika iliyokatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kikubwa, ukingo umezungushiwa uzi mwingi ili usifumuke. Kisha vuta ncha ya mkono kwa vidole na uiachie. Ikirudi mara moja, ni nzuri. Ikibaki imepanuka, itakuwa hivyo maisha yake yote.

Kwa upande wa mtindo, mshono wa bega uishie kwenye mfupa wa bega, isipokuwa sweta imekusudiwa kuwa pana. Shingo ya duara hukubaliana na karibu kila kitu, shingo ya V humfaa anayevaa shati na tai, na shingo ndefu ya kukunja huondoa haja ya skafu. Rangi ya kijivu, buluu ya giza au kahawia ndiyo ninayoipendekeza kwa sweta ya kwanza, kwa kuwa utaivaa mara nyingi bila kuonekana umerudia vazi. Nyekundu na manjano zije baadaye.

Mwisho, soma maelekezo ya kufua kabla ya kulipa. Sufu nyingi zikikutana na maji ya moto na msukosuko wa mashine, magamba madogo ya nyuzi hunasana, na vazi husinyaa na kukakamaa bila uwezekano wa kurejea. Kama nyumbani kwenu hakuna atakayekubali kufua kwa mikono katika maji baridi na kuanika kwa kulaza juu ya taulo, tafuta merino iliyotengenezwa mahsusi kuhimili mashine, na uhakikishe lebo inasema hivyo waziwazi.